Kwetu mimi ni mama mdogo, kwa kaunsili ni mtu baki

Salaam aleikum wahariri,

Naishi Leicester, England, na mume wangu na binti zetu wawili, wa miaka 8 na miaka 4. Wiki tatu zilizopita dada yangu, ambaye nyumba yake ni mitaa mitatu kutoka kwangu, alisafiri ghafla kwenda Mombasa kumuuguza mama yake aliyepata kiharusi. Aliniachia watoto wake: mvulana wa miaka 14 na msichana wa miaka 9. Alisema huenda akakaa miezi mitatu au minne. Nikisema dada mnanielewa: mama yake na mama yangu ni ndugu wa tumbo moja, tumekulia nyumba moja Majengo, na watoto wake wananiita mama mdogo tangu waanze kusema. Baba yao yuko Muscat. Walishaachana, na hupiga simu sikukuu kwa sikukuu.

Juzi shule ya msichana iliniuliza mimi ni nani kwa mtoto. Nilipoeleza, yule karani akaniambia itabidi kaunsili, yaani serikali ya mji, ijulishwe. Tangu siku hiyo mume wangu halali. Anasema tunyamaze, mama yao akirudi yataisha, maana kaunsili ikiingia itawachukua watoto. Rafiki yangu naye ananiambia kinyume: nijiandikishe kama mlezi wa kaunsili, nilipwe kila wiki kwa ajili ya watoto hawa hawa.

Nani kati yao ana haki? Na hizo aina za ulezi ni ngapi? Hata watoto hawa wakirudi kwao, nina nia siku moja ya kupokea mtoto mwenye shida. Mvulana analala kwenye sofa kwa sababu chumba kidogo kimejaa mizigo ya kontena. Ana pumu pia, na mama yake hakuniachia karatasi yoyote.

Mama Mdogo, Leicester

Dada yetu, wa aleikum salaam.

Mume wako amekosea, na rafiki yako pia amekosea. Ulichonacho nyumbani kina jina katika sheria ya England: ni ulezi binafsi. Si kosa kuwa nao. Kosa ni kuwa nao bila kuijulisha kaunsili, na hilo ukilirekebisha wiki hii unakaa mahali pazuri sana.

Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 inasema hivi: mtoto wa chini ya miaka 16 (au chini ya 18 akiwa na ulemavu) akilelewa siku 28 au zaidi na mtu ambaye si mzazi wake, si mwenye mamlaka ya mzazi juu yake (haki ya kisheria ya kumwamulia), wala si ndugu yake wa karibu, basi mtoto huyo yuko kwenye ulezi binafsi. Na ndugu wa karibu wametajwa mmoja mmoja: babu na bibi, kaka na dada, mjomba, shangazi (yaani kaka na dada wa baba au wa mama), na mzazi wa kambo. Damu kamili au ya mzazi mmoja zote zinahesabika, na waliokuja kwa ndoa wamo pia, kwa hiyo mke wa mjomba ni ndugu. Orodha inaishia hapo.

Sasa jiangalie ulipo. Kwetu mtoto wa mama mdogo ni dada, na watoto wake ni wanao, hakuna mjadala. Kiingereza kinamwita huyo dada yako binamu, na binamu wa mama hayumo kwenye orodha. Hapo ndipo familia nyingi za Waswahili hunaswa bila kujua. Wanajibu “mimi ni mama yao mdogo”, shule inaandika shangazi, jambo linapita. Miezi sita baadaye ukweli unajulikana na inaonekana kana kwamba mtu alidanganya. Wewe ulieleza ukoo ulivyo, na karani alifanya kazi yake, kwa sababu shule inatakiwa kupeleka habari hiyo kaunsili. Ukiulizwa tena, usitumie neno moja. Sema mama yangu na bibi ya mtoto ni ndugu.

Hizo siku 28 nazo zinaeleweka vibaya. Watu husubiri siku ya 27 ndipo washtuke. Kinachohesabiwa ni nia. Dada yako alisema miezi mitatu tangu mwanzo, kwa hiyo ulezi binafsi ulianza siku ya kwanza. Kwa utaratibu, kaunsili hujulishwa wiki 6 kabla mtoto hajafika. Kama safari ni ya ghafla, kama hii, hujulishwa mara moja. Wewe uko wiki ya tatu. Kutojulisha bila sababu ya msingi ni kosa la jinai lenye faini, lakini mtu anayepiga simu mwenyewe na kueleza kilichotokea hupokelewa tofauti kabisa na anayefumwa.

Hofu ya mume wako tunaielewa, na hatutaki uidharau mbele yake. Mweleze sheria hii imebanwa kwa sababu gani. Mwaka 1999 msichana wa Ivory Coast, Victoria Climbié, aliletwa London na Marie-Thérèse Kouao, shangazi wa baba yake, ambaye kwetu angeitwa bibi. Wazazi walimtoa kwa nia njema, apate kusoma. Kouao akampitisha kila mahali kama binti yake wa kumzaa. Mtoto aliteswa, akafariki Februari 2000 akiwa na miaka 8. Ripoti ya Lord Laming, aliyeongoza uchunguzi wa kifo hicho, ilitoka mwaka 2003, na baada yake masharti ya kujulisha na kutembelea yakakazwa, kanuni mpya zikaanza mwaka 2005. Wanaokuja kwako wanakuja kwa ajili ya mtoto ambaye hakuna ofisi inayojua analala wapi. Mpaka jana, watoto wa dada yako walikuwa hivyo hivyo.

Jumatatu asubuhi piga simu idara ya watoto ya kaunsili yako. Taja maneno haya mawili kwa Kiingereza, “private fostering”, la sivyo utazungushwa kwenye meza tatu. Kuwa na haya mkononi: majina kamili ya watoto, tarehe na mahali walipozaliwa, dini na lugha yao, anwani zako zote za miaka 5 iliyopita, anwani na namba ya mama yao huko Mombasa, jina na mawasiliano ya baba, tarehe waliyofika kwako, na muda unaotarajiwa. Usimfiche baba kwa sababu haonekani. Kama walioana kwa ndoa inayotambuliwa kisheria, talaka haikumwondolea mamlaka ya mzazi, na watamtafuta tu.

Afisa wa ustawi atafika ndani ya siku 7 za kazi. Ataiona nyumba, atazungumza nawe na mumeo, atazungumza na mama yao kwa simu, na atakaa na kila mtoto peke yake. Baada ya hapo, mwaka wa kwanza, watakuja angalau kila wiki 6. Watu wazima wa nyumbani huchunguzwa rekodi zao polisi. Kaunsili ina uwezo wa kuweka masharti au kukataza mpango wenyewe kama mazingira hayafai. Tunakuambia ukweli huo mapema. Lakini nyumba yenye chakula, utaratibu na watu wazima wasio na rekodi mbaya haifikii huko.

Kitu kimoja kitakachoulizwa kwako ni sofa. Mvulana wa miaka 14 hawezi kukaa miezi minne mahali ambapo usingizi wake unasubiri watu wazima wazime televisheni, hana pa kuvulia nguo, na vitabu vyake viko chini ya meza. Mizigo ya kontena itoke wiki hii, iende gereji kwa mtu au ilipiwe ghala. Tia kitanda, taa ya kusomea na droo moja ambayo mtu mwingine haigusi. Akiwa na pumu, kagua ukuta wa nyuma ya mizigo hiyo kabla ya kusogeza kitanda: chumba kilichofungwa kwa muda mrefu hushika ukungu, na ukungu unaamsha pumu. Msichana wa miaka 9 kulala chumba kimoja na binti zako si tatizo, kila mmoja na kitanda chake.

Karatasi ya mama ndiyo utakayoijutia ukiikosa saa nane usiku. Wewe huna mamlaka ya mzazi, na ulezi binafsi haukupi. Sheria inakuruhusu kufanya lililo la busara kumlinda mtoto aliye mikononi mwako, kwa hiyo akibanwa na kifua unaita gari la wagonjwa bila kumuuliza mtu. Yasiyo ya dharura, kama chanjo, meno au safari ya shule ya kulala nje, yanataka idhini. Dada yako aandike barua, aisaini na kuitia tarehe, apige picha akutumie, na nakala halisi ije na msafiri. Ndani yake: watoto wako kwako tangu lini, unaruhusiwa kukubali matibabu ya kawaida, kuchukua dawa zao, kuzungumza na walimu na kusaini fomu za shule. Aongeze mzio wa kila mtoto na dawa za mvulana kwa majina, ile pampu ya buluu ya kufungulia kifua na ile ya kuzuia, mara ngapi kwa siku. Pampu ya buluu iwepo nyumbani na nyingine shuleni.

Fedha sasa. Katika ulezi binafsi anayegharamia watoto ni mzazi. Kaunsili hailazimiki kukulipa, ingawa inaweza kusaidia kama mtoto ana uhitaji mkubwa. Ile posho ya watoto ya serikali inaweza kuhamia kwako kwa sababu watoto wanaishi kwako, lakini watu wawili hawawezi kulipwa kwa mtoto mmoja, hivyo kubalianeni na dada yako kabla hujaomba. Tumeona undugu ukivunjika kwa jambo hili kuliko jingine lolote.

Rafiki yako anachanganya hili na malezi ya kaunsili, ambayo ni mlango mwingine. Nyumbani Tanzania serikali huyaita malezi ya kambo, jina linalowapotosha wengi kwa sababu hayahusu baba wala mama wa kambo. Hapa mtoto anakuwa chini ya uangalizi wa kaunsili, ama kwa amri ya mahakama, ama kwa ridhaa ya mzazi chini ya kifungu cha 20 cha sheria ile ile ya 1989. Kaunsili inamweka kwa mlezi iliyemkagua na kumpitisha, na inamlipa posho kila wiki. Watoto wa dada yako hawamo humo. Mama yao ndiye aliyewaleta kwako kwa mkono wake.

Hapa kuna mtego, na tunaomba kila msomaji aujue. Ingekuwa afisa wa kaunsili ndiye aliyekupigia usiku akasema “watoto hawana pa kulala, wachukue”, hesabu ingebadilika. Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2007, katika kesi iliyohusu kaunsili ya Southwark, kwamba kaunsili ikiwa na mkono mkubwa katika kumpeleka mtoto kwa ndugu au rafiki, haiwezi baadaye kuuita mpango huo wa kifamilia ili isilipe. Kwa hiyo ukipigiwa simu ya namna hiyo, uliza kabla hujafungua mlango: mtoto huyu anakuja chini ya kifungu cha 20? Nani analipa? Andika jina la anayesema, saa, na jibu lake, kisha mtumie barua pepe ukirudia mlivyozungumza. Ndugu anayepokea mtoto kwa njia hiyo anaweza kupitishwa kwa muda wa wiki 16, zikaongezwa 8, huku ukaguzi kamili ukiendelea. Huo huitwa ulezi wa ndugu na marafiki, na humo hata binamu au jirani anakubalika.

Aina nyingine ni hizi, na si zote zinamfaa kila mtu.

Ulezi wa dharura ni wa siku chache. Polisi wakimtoa mtoto kwenye hatari wanaweza kumshikilia kwa ulinzi saa 72 tu. Amri ya dharura ya mahakama ni siku 8, na huweza kuongezwa 7. Simu huja usiku. Mtoto mara nyingi hufika na nguo zake ndani ya mfuko mweusi wa takataka, na wakati mwingine hana hata hizo. Mlezi mzoefu ana sanduku tayari: miswaki mipya, nguo za kulalia za saizi tatu, nepi, taa ndogo ya usiku, biskuti ambazo mtoto anaweza kushika mwenyewe bila kuomba. Anauliza mambo matatu kabla afisa hajaondoka: mzio, dawa, na nani hatakiwi kujua anwani. Wanaoharibu ulezi huu ni wanaoanza kumhoji mtoto usiku ule ule, “nani amekupiga, mama yuko wapi”. Mwache ale, alale. Akisema jambo mwenyewe, liandike kwa maneno yake, na saa, usilisafishe.

Ulezi wa muda mfupi huanzia siku kadhaa hadi karibu miaka miwili, wakati mahakama inaamua. Kesi hizi zimewekewa lengo la wiki 26, nyingine huvuka. Kazi kubwa ni kumpeleka mtoto kuonana na wazazi, pengine mara tatu kwa wiki, na kumpokea akirudi amekasirika au amenyamaza. Mlezi anayewasema wazazi vibaya mbele ya mtoto hamalizi mwaka.

Wa muda mrefu ni mpaka miaka 18, na kijana na mlezi wakikubaliana anaweza kubaki mpaka 21. Kuna wa mapumziko: mtoto, mara nyingi mwenye ulemavu, anakuja wikiendi moja kwa mwezi ili wazazi wake wapumue. Huu ndio tunaoupendekeza kwa mwenye ajira anayetaka kuanza, nawe ukiwemo. Kuna wa mama na mtoto, ambapo unampokea mama, mara nyingi kijana, na kichanga chake, kwa kawaida kwa wiki kama 12. Kazi yako hapo ni kutazama, kuelekeza na kuandika. Ukimnyang'anya mtoto kila akilia, hujamsaidia, na ulichoandika kinaweza kusomwa mahakamani. Kwetu bibi humchukua mjukuu mama alale, na ndiyo maana aina hii huwalemea walezi wetu wengi. Wapo pia wanaopokea watoto wanaosubiri kuasiliwa, na vijana waliowekwa na mahakama wakisubiri kesi. Hao wanataka mafunzo ya ziada. Nyumba za kuwapangisha vijana wa miaka 16 na kuendelea kwa usaidizi si ulezi, ingawa kaunsili nyingi huzitangaza pamoja.

Ukitaka kuomba, ukaguzi huchukua miezi minne hadi sita: rekodi za polisi, daktari wako, wadhamini, mafunzo, ziara nyingi nyumbani, kisha kikao cha jopo. Si lazima nyumba iwe yako, wala uwe raia, ilimradi unaruhusiwa kuishi hapa. Kwa kawaida mtoto aliyevuka miaka 3 anatakiwa awe na chumba chake. Kwako hicho ni kile chumba kidogo, kwa hiyo subiri mpaka mvulana arudi kwao. Na lijueni mapema wewe na mumeo: mlezi wa kaunsili haruhusiwi kumchapa mtoto hata kofi moja, sababu iwe yoyote. Kwa upande mwingine, sheria inaitaka kaunsili izingatie dini, asili na lugha ya mtoto inapomtafutia makao. Nyumba ya Kiislamu inayosema Kiswahili, inayojua kusuka nywele za mtoto na kumpaka mafuta ngozi isipauke, ina mahali pake.

Mkiwa na mtoto aliyekuja na viza, hata ya matembezi, masharti ya kujulisha ni yale yale, na kujulisha hakubadilishi viza yake. Suala la viza lipelekeni kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Uskoti na Wales wana taratibu zao, waulizeni kaunsili za huko.

Endapo kukaa kwa dada yako kutazidi mwaka, zungumzeni kuhusu amri ya ulezi maalumu ya mahakama, inayokupa mamlaka ya mzazi mpaka mtoto afikishe miaka 18. Inaombwa kwa kuijulisha kaunsili miezi 3 kabla, na kwa ridhaa ya wenye mamlaka ya mzazi, baba akiwemo kama anayo, au kwa ruhusa ya mahakama. Akirudi mapema, mjulishe afisa ndani ya saa 48 tangu watoto waondoke kwako.

Kabla ya hiyo Jumatatu, kaa na watoto. Usiwafundishe la kusema. Waambie atakuja mgeni, atataka kukaa na kila mmoja peke yake, na wanaweza kumweleza lolote, hata kama ni kwamba usiku wanamlilia mama yao.